Fremu Nzito Si Fremu Imara

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema nchini Kongo, kuna rai moja kuhusu baiskeli ambayo karibu hakuna anayeipinga. Utaisikia sokoni, utaisikia kwa fundi wa kinga, kama tunavyoziita baiskeli, chini ya mwembe, utaisikia kwa wazee waliosukuma mizigo hadi Kindu kabla vijana wa leo hawajazaliwa: fremu nzito ndiyo fremu imara. Kijana anayekusanya vipuri ajiundie kinga yake mwenyewe, fremu kwa huyu, rimu kwa yule, foki akaiokote kwingine, huambiwa aanze kwa kuinua. Ikikuchosha mkono, nunua. Ikiinuka kirahisi, iache, hiyo ni VTT, yaani baiskeli ya milima, ya watoto wa mjini.

Naipinga rai hiyo kwa sababu huku kwetu kinga ndiyo lori. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911, inapita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kasongo iko mashariki ya mto, na Kabambare iko mbali zaidi kuelekea Fizi. Mvua zikianza, malori hukwama kwenye tope. Mchele, mawese, karanga, chumvi, sabuni na vitenge husafiri juu ya magurudumu mawili, mtu akisukuma kwa fimbo iliyofungwa usukanini. Zamani za misafara, njia hii hii ya kutoka Ziwa Tanganyika kupita Kabambare hadi Kasongo ilikuwa ya wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Leo bidoni 6 za lita 20 za mawese ni kilo 108 za mafuta, na msukumaji mmoja anazipeleka. Akikosea kuchagua fremu, hasara si ya kinga peke yake. Ni ya mtaji, na mara nyingi mtaji huo ni wa mkopo wa ndugu.

Nitaieleza rai yao kama wanavyoieleza wenyewe, maana wanaoishikilia si wajinga, na wengi wao wamesukuma kinga katika njia hii kuliko mimi. Wanasema, kwanza, kwamba kinga nyeusi nzito za Uchina na Uhindi zimedumu miaka na miaka mbele ya macho yetu, wakati VTT nyepesi zimevunjika msimu wa kwanza. Pili, mzigo mzito unataka chuma kingi, na chuma kingi ni uzito. Tatu, bomba nene linavumilia mashine ya kuchomea ya hapa kwetu, bomba jembamba linatoboka. Nne, kutu inakula pande zote, basi mwenye chuma kingi ana cha kuliwa kingi. Hoja zote nne zina chembe ya kweli. Hakuna hata moja inayothibitisha kwamba mkono ukichoka, fremu ni imara.

Zilizodumu na zilizokufa

Tuanze na kinga kuukuu, maana huo ndio ushahidi wanaoutegemea zaidi. Flying Pigeon ya Tianjin imetengenezwa tangu mwaka 1950, Hero ya Ludhiana tangu 1956, na zote zimefuata umbo la Raleigh ya Kiingereza. Ni kweli kuna za namna hiyo zilizopita mikononi mwa baba na mwana. Lakini tunahesabu zilizobaki tu. Zilizovunjika hazisimami sokoni kutoa ushahidi. Zilikatwa, mabomba yake yakawa miguu ya viti na mipini ya mashine za kusagia. Anayetazama wazee walio hai na kusema zamani watu hawakufa mapema anakosea vilevile.

Na hizo zilizobaki, zimebaki kwa nini? Chunguza moja kwa karibu. Futa vumbi pale bomba la juu linapokutana na bomba fupi la mbele linaloshika foki. Utaona mabomba hayakuchomewa ncha kwa ncha. Yameingizwa ndani ya vikombe vya chuma, kisha shaba njano ikayeyushwa kujaza nafasi. Shaba njano huyeyuka karibu na digrii 900, chuma chenyewe karibu na digrii 1,500, hivyo bomba halikuungua, na nguvu ya foki inagawanywa kwenye kikombe kizima badala ya mstari mmoja wa mchomeo. Kisha pima kutoka ekseli ya pedeli hadi ekseli ya gurudumu la nyuma. Ni ndefu kuliko ya VTT za siku hizi, na kwa hiyo mzigo wa keria hautoki sana nyuma ya gurudumu. Foki nayo imelala, inanesa ikipiga shimo. Kiungo, urefu na mlalo ndivyo vilivyoziokoa kinga hizo. Uzito ulikuwapo tu, na sisi tukaupa sifa zote.

Sasa swali ambalo watetezi wa fremu nzito hawajawahi kunijibu. Kinga mpya nzito ikinunuliwa, kabla haijasafiri hata mara moja, hupelekwa kwa mchomeaji iongezewe nondo: mbili kwenye foki, mbili kushuka kutoka kiti hadi ekseli ya nyuma, moja katikati. Kama uzito ndio uimara, na kinga hii ilichaguliwa kwa uzito, nondo ni za nini? Mwenyewe anajua moyoni kwamba fremu aliyoisifu haitoshi. Nondo ya milimita 10 ina kilo 0.617 kwa kila mita. Mita 6 za nondo ni kilo 3.7, sawa na lita 4 za mawese. Kila safari, kwenda na kurudi, msukumaji huyu anabeba chuma mahali ambapo angebeba lita 4 za biashara, na hakuna anayemlipa kwa hizo. Weka hesabu hiyo kwa mwaka mzima wa safari za Salamabila, ambako wachimbaji wa dhahabu hununua mafuta kwa bei nzuri, uone ni fedha ngapi zimepotea kwa jina la uimara.

Tena nondo haiondoi ufa, inauhamisha. Foki iliyofungwa nondo hainesi. Pigo la shimo ambalo foki ingelimeza linapanda hadi kwenye kiungo cha bomba fupi la mbele na bomba refu la chini, na hapo ndipo fremu hupasuka, upande wa chini, pasipoonekana kwa sababu ya tope. Nyuma ni vivyo hivyo: ufa unatokea pale nondo inapoishia, sentimita moja au mbili kando ya mchomeo. Fundi anachomea tena na kuongeza kipande kingine, na ufa unasogea tena. Nimeziona fremu zenye michomeo mitatu ya kufuatana kwenye bomba moja, na mwenye nazo akiendelea kuzisifu kwa uzito.

Chuma kingi, lakini wapi?

Hoja ya pili inaonekana ya akili ya kawaida, na ndiyo maana inadanganya. Chukua mabomba mawili ya chuma kile kile. La kwanza lina kipenyo cha milimita 25.4 na ukuta wa milimita 1.3. La pili lina kipenyo cha milimita 28.6 na ukuta wa milimita 1. Nguvu zao dhidi ya kupindwa ni karibu sawa. Lakini la kwanza ni zito kwa zaidi ya asilimia 10, na bado linanesa zaidi pembeni. Upana wa bomba unafanya kazi kubwa kuliko unene wa ukuta. Kwa hiyo fremu ya mabomba membamba yenye kuta nene inakuchosha mkono, unaisifu, na ukiipakia kilo 100 inayumba kama ngalawa isiyo na matengo.

Na chuma si cha aina moja. Chuma cha kawaida cha mabomba ya bei ndogo na kile chenye kromiamu na molibdeni, ambacho fremu zake huandikwa 4130 au jina la mtengenezaji wa mabomba kama Reynolds, Columbus au Tange, vina uzito sawa ukivipima kipande kwa kipande. Cha pili kinastahimili karibu mara mbili kabla ya kupinda moja kwa moja. Ndiyo maana wenye kiwanda hukifanya chembamba. Mkono unaoinua hauwezi kutambua tofauti hiyo. Unaambiwa tu kwamba ni nyepesi, basi ni dhaifu.

Historia ya baiskeli ya milima yenyewe inaikataa rai hii. Vijana wa California walioteremka Mlima Tamalpais miaka ya 1970 walitumia fremu nzito za Schwinn za miaka ya 1930, kwa imani ile ile ya mafundi wetu. Zilipinda, zilivunjika. Mwaka 1977 Joe Breeze akajenga fremu kwa ajili ya kazi hiyo, kwa mabomba ya kromiamu na molibdeni, nyepesi kuliko zile kuukuu na imara kuzishinda. Mwenzake Tom Ritchey, baada ya kufika Rwanda mwaka 2005 na kuona wakulima wakihangaika kufikisha kahawa kwenye mashine za kuosha, alisanifu baiskeli ya kubeba magunia. Jibu lake halikuwa kunenepesha mabomba. Alirefusha sehemu ya nyuma ili gunia likae kati ya magurudumu. Wanyarwanda wanapanda milima mirefu kuliko yetu.

Mashine ya kuchomea

Hapa wapinzani wangu wana hoja ya kweli kuliko zote. Mchomeaji wa Kasongo anatumia mashine ya fimbo. Ukimpelekea bomba lenye ukuta wa milimita 0.9, fimbo ya milimita 2.5 italitoboa kabla hajafumba jicho. Bomba la milimita 1.5 litavumilia. Mtu anayejua kwamba fremu yake itavunjika njiani karibu na Kabambare, ambako msaada pekee ni jenereta na mashine hiyo, ana haki ya kuogopa bomba jembamba.

Lakini tazama hoja inakotupeleka. Inatuambia tuchague fremu kwa sababu inachomeka vizuri ikivunjika. Mimi nataka kwanza isivunjike. Na kuna njia nyingine ya kuunga ambayo wahunzi wa nchi hii wanaielewa: shaba njano, boraksi na moto, wa gesi au hata wa makaa yenye mvukuto mzuri. Fremu ya chuma chembamba inaungwa kwa shaba bila kutoboka. Gharama yake ni kubwa kuliko ya fimbo ya kuchomea, sikatai, lakini mchomeo mmoja mbaya unaorudiwa mara tatu si rahisi pia. Wahunzi wetu waliyeyusha chuma kabla ya treni kufika Kindu. Kuwaambia hawawezi kuunga bomba kwa shaba ni kuwadharau.

Kwa alumini nakubaliana na wazee moja kwa moja. Alumini haina kiwango cha mtikisiko ambacho chini yake inadumu milele kama chuma. Kila pigo linahesabiwa, na siku ya mwisho haitoi taarifa. Ikipasuka inahitaji kuchomewa kwa gesi ya argoni kisha kupashwa upya katika tanuri. Tanuri hiyo Kasongo haipo, Kabambare haipo. Fremu zenye springi nyuma nazo tusipoteze muda: hakuna mahali pa kufunga keria, na kila kiungo chake ni mahali pa mchanga kuingia. Kosa la wazee ni kuzitia VTT zote katika kapu hilo. VTT ya chuma isiyo na springi nyuma, hasa zile za Ulaya za miaka ya 1980 na 1990 zinazofika na mitumba kupitia Dar es Salaam na Kigoma, ni kitu kingine kabisa. Zinaachwa kwenye rundo kwa sababu ni nyepesi, na hilo linaniuma.

Kutu nitaipita haraka. Inakula fremu kutoka ndani, maji yanayoingia kwa bomba la kiti yakituama kwenye tundu la ekseli ya pedeli. Bomba nene lililojaa maji litaoza, jembamba lenye kitundu cha kutolea maji chini na mafuta machafu ya injini yaliyomiminwa ndani litadumu. Ni suala la matunzo.

Wanaolipa gharama

Njia ya Kabambare si barabara ya kusukuma tu. Kuna vijito ambavyo madaraja yake ni magogo mawili, na kuna vivuko vya mtumbwi. Kila mahali pa namna hiyo mzigo unashushwa, kinga inabebwa begani, kisha mtu anarudia mzigo. Bega halisaidiwi na kusukuma wala na mteremko. Kinga iliyofungwa nondo na keria ya chuma cha pembe ni mzigo wa pili kamili.

Halafu kuna wanawake. Fremu nzito inayosifiwa kuliko zote ni ya mabomba mawili juu, marefu, yaliyolala sawa. Mama aliyevaa kitenge hawezi kuipanda, na binti wa shule hawezi kuisimamisha ikianguka na mzigo. Matokeo tunayaona kila siku asubuhi: mwanamume anasukuma kinga, mwanamke anabeba mihogo mgongoni kwa ukanda kipajini. Hakuna aliyetangaza kwamba kinga ni ya wanaume, ila kipimo cha kuinua kwa mkono ni kipimo cha mwanamume mwenye nguvu, na fremu zikichaguliwa kwa kipimo hicho, nusu ya wabebaji wa mizigo wa Maniema ya kusini wameachwa nje. Fremu ya VTT yenye bomba la juu linaloshuka nyuma ingewafaa. Wanaosema haya ni mambo ya mjini wawaulize wake zao shingo zinavyouma.

Basi uchague kwa nini?

Kwa macho, kwa uzi na kwa kitambaa. Chomoa nguzo ya kiti. Bomba la kiti likiwa na kipenyo cha nje cha milimita 28.6 na nguzo ikawa ya 27.2, ukuta ni mwembamba, na mtengenezaji hathubutu kufanya hivyo kwa chuma hafifu. Nguzo ikiwa ya 25.4 kwenye bomba hilo hilo, umeshika chuma cha kawaida kilichonenepeshwa. Nambari hupigwa chapa kwenye nguzo yenyewe.

Chukua uzi. Ufunge kwenye sikio moja la nyuma, pale ekseli inapokaa, upeleke mbele ukazunguke bomba fupi la foki, urudi sikio la pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kushoto na kulia. Zikitofautiana kwa milimita chache, fremu imepinda, na chini ya mzigo itavuta upande mmoja siku nzima. Yatazame na masikio hayo: yawe ya bamba nene, si bati lililokunjwa, na yawe na matundu ya kufungia keria. Chuma kinene kina faida ya kweli hapo.

Kisha paka mafuta ya taa kwenye viungo, subiri, pangusa pakauke, nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Anza chini ya kiungo cha mbele, malizia kwenye bomba la upande wa cheni karibu na pedeli.

Mwisho ulizia mambo ya soko. Tundu la ekseli ya pedeli liwe la nyuzi, upana wa milimita 68, usichukue la kusukumiza beringi. Nyuma pawe na nafasi ya milimita 135, ipokee ekseli ya nati ambayo kila fundi anayo. Gurudumu la inchi 26 ni dogo kuliko la inchi 28 la kinga nyeusi, na kwa spoku zile zile linakuwa gumu zaidi. Tairi pana la inchi 2 linapita juu ya mchanga pale ambapo jembamba linazama. Ila hakikisha nafasi ya tope imebaki pande zote. Kama fremu ilisanifiwa kwa foki ya springi, usiitie foki fupi ya chuma bila kupima: kila milimita 20 zinazopungua mbele zinasimamisha foki kwa takriban digrii 1, na kinga iliyosimama sana mbele ni ngumu kuongoza ukiwa unatembea kando yake na kilo 100 nyuma. Tafuta foki ngumu yenye urefu unaolingana na ile iliyotolewa.

Majaribio haya yote hayazidi muda wa kunywa kikombe cha chai, na vifaa vyake ni spana, uzi, chaki na mafuta ya taa kidogo. Muuzaji anayekataa nguzo ya kiti isichomolewe kabla ya kulipwa, anayesema inua tu ujionee mwenyewe, usimlipe.